Mbavu za Kutoka kwa Mama Mkwe

Siku ya mazishi yake watu walipanga foleni kuuona uso wake. Mimi nikabaki nyuma ya hema, karibu na wale wanawake wanaokoroga chai. Mmoja akaniuliza, "Wewe mzee, mbona huendi kuaga? Hukumjua marehemu?"

Nikamwambia nilimjua.

"Basi nenda, foleni inaisha."

Nikamwambia mimi ni mkwe. Akasema, "Aaa!" Akanipa chai na mkate mkubwa kuliko wa wengine, hakuniuliza tena kitu.

Mtu wa Kakamega hahitaji zaidi ya hapo. Lakini hadithi hii inaweza kufika mbali, kwa watu wasiotujua, na hata watoto wetu siku hizi hawajui, kwa hivyo acha nieleze. Kwetu mwanamume na mama aliyemzaa mke wake hawatazamani. Hawashikani mkono, hawali mahali pamoja. Mkikutana kwenye kijia mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Ni heshima tu, hakuna chuki ndani yake. Wengine wameacha, nawaonanga kanisani wakikumbatiana na wakwe zao na hakuna aliyeanguka. Siwalaumu. Lakini mama mkwe wangu hakuacha, na kwa sababu yeye hakuacha, nami sikuacha.

Kwa hivyo huyu mtu ninayemwandika, uso wake sijauona wote. Niliuona kipande kipande, siku moja shavu, siku nyingine sikio lenye kishimo cha hereni bila hereni. Ninachojua vizuri ni mgongo. Mgongo mpana, umefungwa leso, na fundo la leso liko upande wa kushoto kila mara. Najua pia visigino vyake. Na sauti.

Mtu atasema, kama hamkuongea, ulimjuaje? Nani alisema hatukuongea? Yule mama alikuwa akiongea kutoka asubuhi mpaka mvua ya mchana ianze kupiga mabati, na mvua ikianza anaongeza sauti. Ila hakuongea na mimi. Aliongea na kuku.

"Ewe ingokho," anasema, na ingokho ndiyo kuku kwa lugha yetu, "hebu mwambie huyo mgeni wa sebuleni viatu vyake vimeisha soli. Mwanangu anaaibika sokoni."

Mimi niko sebuleni kwake, kule nje ya Lubao, kwenye kiti cha karibu na mlango. Yeye yuko jikoni, katikati kuna ukuta. Nami nakohoa. Kukohoa maana yake nimesikia. Mimi sina kuku wa kuongea naye, na mtu mzima mgeni hawezi kukaa kwa watu akiongea na meza.

"Mwambie pia asifikiri sijui anakunywa chai ya sukari nyingi. Daktari alimwambia nini?"

Nakohoa.

"Anajifanya ana kikohozi."

Mke wangu alikuwa anacheka huko jikoni mpaka anakaa chini. Alisemanga sisi wawili ni wazimu na kwamba kuku wa kwao wamechoka kutumwa.

Kuna siku nilikosea. Nimetoka kazini, nilikuwa nasaga mahindi kwa mashine ya posho pale mjini, na mashine hiyo iliniharibu masikio, hata leo ukiniita kutoka nyuma usitarajie kitu. Nimeketi pale nangojea chakula, nasikia harufu ya nyama, mate yanajaa. Mara nasikia mama mkwe anapiga kelele jikoni, "Toka! Toka hapa kwangu! Kila siku kula, kula, umekuja kunimaliza! Nenda kwenu!" Mimi nikafikiri ujumbe umefika. Nikavaa kofia, nikatoka polepole, nikatembea mpaka barabarani na njaa yangu. Kumbe safari hii alikuwa anamfukuza kuku kweli, ameingia kwenye unga. Mke wangu alinikimbilia na sahani mkononi, watu wa barabarani wanatazama. Mama mkwe hakutaja jambo hilo kamwe. Lakini kuanzia siku ile, akitaka kumfukuza kuku, alianza kwa kusema, "Wewe kuku wewe, kuku mwenye manyoya!"

Simu za mkononi zilipokuja nilifikiri mambo yatabadilika. Hayakubadilika. Mke wangu akimpigia na kuweka sauti kubwa, yeye anauliza kwanza, "Yuko hapo?" Akiambiwa niko, anasema, "Haya. Simu, mwambie huyo baba paa la jiko lenu linavuja, nimeambiwa." Aliifanya simu kuwa kuku.

Sasa nguruwe. Alikuwa anafuga nguruwe nyuma ya nyumba, na kila jike alimpa jina la mmoja wa wifi zake, dada za marehemu mume wake. Wifi hao walikuwa wanakuja kumtembelea, wanakaa, wanakunywa chai, halafu wanasikia kutoka nyuma, "Sogea wewe, tumbo limekuzidi, na bado unakula cha mwenzako!" na jina la mmoja wao juu yake. Yule mwenye jina anaacha kikombe. Mama mkwe anarudi ameshika karai, anauliza, "Mnaongeza chai?" Alikuwa mkali namna hiyo. Na bado wifi hao walipougua ni yeye aliyewaosha, mmoja baada ya mwingine. Yule mwenye jina la nguruwe mkubwa alifia mikononi mwake. Nguruwe mwenyewe hakuchinjwa mwaka huo. Sikuuliza kwa nini, ningemuuliza nani?

Alikuwa na mambo kama hayo. Kuku mmoja akichinjwa, yeye analia. Nguruwe akichinjwa, anaimba nyimbo za kanisa na kunoa kisu. Alikataza watu kusengenyana jikoni kwake, halafu wakinyamaza anauliza, "Kwani hakuna habari?" Hakupenda kushukuriwa. Ukimwambia asante anasema, "Ya nini?" kana kwamba umemtukana.

Kitu kilichonifanya nianze kuandika ni mbavu. Nimezunguka sana, nisameheni, shule yenyewe niliiacha mapema nikaenda kuchunga ng'ombe.

Akichinja nguruwe, nyama yote inauzwa Lubao isipokuwa upande mmoja wa mbavu. Huo ni wa binti yake. Anaufunga kwa majani ya mgomba, anaufunga tena kwa gunia safi, anampa mtu wa boda, na mtu wa boda anauleta kwangu Shirere. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaziandaa, kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwasha jiko, lile la pipa nililopasua katikati mwenyewe, na kula. Yeye anafanya kazi yake huku anajibizana na mama yake kwenye simu, namna hii:

"Umetoa ule utando?"

"Nimetoa, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Muongo. Geuza tena uangalie."

Anageuza, anapata kipande kimebaki, anacheka. Hivyo tu. Mambo madogo. Nilifikiri yatakuwa hivyo siku zote, sikuyaangalia sana.

Mke wangu aliugua, akalazwa, akafa. Sina maneno mengi ya kuweka hapo. Watu wanasema huo ni uchungu, lakini sikumbuki uchungu. Umewahi kulalia mkono wako ukaamka, unauona uko pale, unauinua kwa mkono mwingine, na si wako? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Wananiambia nilisimama kaburini nikasema maneno mazuri. Labda. Nakumbuka mama mkwe alikaa upande ule mwingine wa hema, na kati yetu watu wengi, na sikusikia sauti yake hata mara moja. Hiyo naikumbuka kwa sababu ilikuwa ya ajabu, yule mama kunyamaza.

Baada ya hapo nikakaa. Asubuhi nakunywa chai, jioni obusuma, ndio ugali wetu, na chochote. Haikuwa na ladha nzuri wala mbaya. Nilikuwa natia chumvi na bado sijui kama nimetia. Mpangaji wangu, kijana fundi wa pikipiki, alikuwa anaingia kunijulia hali, ananiambia, "Mzee, utazeekea kwa hii kiti." Namwambia nimeshazeeka. Anacheka peke yake.

Halafu siku moja mtu wa boda akasimama mlangoni na gunia.

Nilijua ni nini kabla sijafungua. Nikamwambia amekosea, mwenye mzigo hayupo. Akasema, "Nimeambiwa nilete hapa. Kwa mkwe." Akaweka chini akaenda. Nikakaa nikiangalia lile gunia. Mbavu ni za binti yake, binti hayupo, zimekuja za nini? Nilitaka kumpa mpangaji. Simu ikalia.

Nikaishika. Upande ule mtu anapumua. Mimi pia napumua. Hatujawahi kuwa wawili tu kwenye simu, na hapa hakuna mke wangu katikati wa kushika maneno. Nikasikia kuku. Nafikiri alikuwa amembeba, kwa maana yule kuku alikuwa karibu sana na analalamika.

"Ewe ingokho," akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Sijui kama kuna mtu anasikia. Kama yuko mtu, anawe mikono kwanza."

Nikakohoa. Nikanawa mikono.

Basi akamfundisha kuku wake kuandaa mbavu. Akamwambia azilaze upande wa mfupa juu. Kuna utando juu ya mifupa, mwembamba, unang'aa kama karatasi ya nailoni. Usipoutoa chumvi haiingii, na ukichoma unakuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Ingiza ncha ya kijiko chini yake kwenye mfupa wa pembeni, usitumie kisu, kisu kitakata. Ukiinuka kidogo, shika kwa kitambaa kikavu, kwa sababu unateleza, halafu vuta bila haraka.

Nikavuta. Ukakatika.

"Najua umekatika," akamwambia kuku. "Unakatikanga. Anza upande mwingine."

Nikaanza upande mwingine. Simu iko kwenye dirisha, imewekwa sauti kubwa, mikono yangu imejaa mafuta. Akasema punguza mafuta yale manene lakini acha kidogo, nguruwe bila mafuta ni kuni. Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na chumvi na pilipili, kamulia ndimu, paka pande zote na usisahau kati ya mfupa na mfupa. Mtu asipake kama anapaka rangi ukuta, afanye kama anampaka mtoto mafuta. Funika, zilale mpaka kesho. Kesho makaa yasiwe na moto wa kuruka, yawe yameshika jivu, na uweke kijiti cha mpera upande mmoja kwa ajili ya moshi. Babua jani la mgomba, lifunike juu ya mbavu, ugeuze polepole, usiondoke. Nguruwe haliwi nusu mbichi. Mfupa ukianza kujitokeza mwisho, nyama ikirudi nyuma, ndipo umefika.

"Na huyo mtu ale," akasema. "Mwambie ale."

Nikakohoa, lakini kikohozi hakikutoka vizuri. Akakata simu.

Kesho yake nikafanya yote. Nikachoma, nikageuza, sikuondoka. Mvua ilikuja nikasogeza pipa chini ya paa. Nikala. Sikusikia kitu. Meno yanatafuna, nyama inashuka, basi. Mpangaji akaonja akasimama wima, "Mzee! Hii iko fiti kabisa! Umeweka nini?" Nikamwambia vitu vya kawaida. Akala hata mifupa karibu.

Ziliendelea kuja. Kila akichinja, mtu wa boda, halafu simu, halafu kuku. Nilikuwa najua kazi yote kwa kichwa sasa, lakini alimfundisha kuku upya kila mara kutoka mwanzo, nami niliacha afundishe. Katikati aliingiza habari za kwao, nani ameoa, ng'ombe gani amezaa, kwamba magoti yake yanamsumbua. Siku nyingine alikuwa anasimama katikati ya sentensi na kuku ndiye anayeendelea.

Ndipo shemeji akaja, kaka wa mke wangu, anayeishi Sigalagala. Ni mtu mzuri. Alikuja na mkate na majani ya chai, akakaa, akaniangalia.

"Shemeji, mwaka unaisha tangu dada atutoke. Tunafanya ukumbusho nyumbani."

"Nimesikia."

"Tumeongea kama familia. Tunataka kukufungua."

Sasa hii nayo nieleze. Kwa upande wao, mke akifa na ukumbusho ukifanywa, mama mkwe anaweza kutoka mbele ya watu, akamtazama yule mwanamume usoni na kumpa mkono. Wakishikana mkono imeisha. Mwanamume yuko huru, aoe kwingine, akipita pale anasalimia kama mpita njia yeyote. Hakuna tena mambo ya kujificha kwenye mahindi. Walikuwa wananifanyia wema.

"Wewe bado una nguvu," shemeji akasema. "Utakaa hapa na kuta mpaka lini? Na mama naye amezeeka, mambo ya kuongea na kuku majirani wanamcheka. Mpeane mkono, kila mtu apumzike."

"Yeye amesema nini?"

"Mama? Hajakataa."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini? Sina mtoto kule Lubao, binti yetu mmoja yuko ng'ambo na anapiga simu Krismasi. Nikishikwa mkono, mimi ni nani kule? Mzee fulani wa Shirere. Hata mbavu zitakuwa hazina pa kuja. Nilipofikiria hayo nilisikia kitu kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mke wangu. Hakikuwa kikubwa, ilikuwa kama mtu amesogeza kiti kwenye chumba kingine. Halafu kukanyamaza tena.

Siku ya ukumbusho nilikwenda na mbavu. Alikuwa amezituma wiki hiyo, na bila simu safari hii, zilikuja kimya. Niliziandaa mwenyewe. Utando ulitoka mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikaushika juu nikautazama mwanga kupitia ndani yake, hakukuwa na mtu wa kuonyesha. Nikazichoma alfajiri, nikazifunga kwa jani, nikapanda boda, na nilipofika mtoto mmoja akazipeleka jikoni.

Watu walikuwa wengi. Mhubiri akahubiri, wimbo ukaimbwa, shemeji akasema maneno ya shukrani. Halafu akaingia jikoni kumchukua mama yake. Nikaambiwa nisimame katikati ya uwanja. Nikasimama, kofia mkononi. Nikafanya nilivyozoea, nikaangalia chini, na nikaona visigino vinakuja, polepole sana kwa sababu ya magoti, vikasimama karibu nami kuliko vilivyowahi kusimama. Na kuku mmoja nyuma yake, wa kahawia.

"Mama," shemeji akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "mpe mkono. Dada ameenda. Mfungue huyu mzee."

Niliona mkono. Ulitoka kwenye leso, ukapanda kidogo, mkono mkubwa wenye kucha fupi. Nilisikia harufu ya kitunguu saumu. Wanawake wakaanza kigelegele cha chini chini. Nami niliinua wangu, maana nimeambiwa niinue. Ulikuwa mbele yangu kama kitu cha mtu mwingine.

Mkono wake ukasimama. Ukapanda zaidi, ukanipita, ukaenda kichwani kwake na kuvuta leso mpaka ikafunika uso wote. Na akageuka. Akanipa mgongo, pale mbele ya mhubiri na watu wote.

"Mama!" shemeji akasema. "Unafanya nini? Tulikubaliana!"

"Ewe ingokho," akasema, na sauti yake ya zamani ilikuwa imerudi yote, mpaka watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya hema walisimama. "Waambie hawa watu wangu. Nilizika binti, sikuzika mkwe. Anayetaka kumzika aanze na mimi."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mhubiri alifungua kitabu chake na kukifunga. Kuku alikuwa anadonoa karibu na kiatu changu.

"Na mwambie huyo mgeni," akaendelea, anaelekea jikoni, visigino vyake vinakwenda, "hizo mbavu alizoleta nimezionja kule ndani. Amekosa ndimu. Yule nguruwe mdogo tunachinja baada ya mavuno, asiende mahali. Na asisimame hapo juani kama mlingoti. Chakula chake kiko."

Shemeji alinitazama. Alitaka kucheka au kukasirika, sijui, akaishia kushika kiuno. "Sasa hata sisi tutafanya nini?" akaniuliza.

 Nilivaa kofia, nikaikumbuka heshima nikaivua tena. Nikaingia sebuleni kwake, nikakaa mahali wakwe hukaa, nikangojea waniletee sahani.